Wavu wa Kuwafuata Dagaa Mchana

Harufu ya dagaa wanaokauka mchangani wengine huiita uvundo, nami nawaachia pua zao. Kwangu ndiyo harufu ya mwaka ule baba alipoacha kuchimba dhahabu Nyarugusu akatuhamishia ziwani, Nkome. Duara, lile shimo la wachimbaji, lilikuwa limemfukia baba mdogo Mhoja, na mama aliapa kwamba hatamlilia mwingine. Shida ni kwamba uvuvi wa pale ulitegemea giza: unawasha taa, dagaa wanaifuata juu. Mbalamwezi ikitoka taa haina kazi, nyavu zinaanikwa na mwalo mzima, ufuko wetu wa wavuvi, unalala. Sisi tulilala pia, ila na njaa. Siku moja baba akaja juu: "Kwani mchana dagaa wanakwenda wapi? Wamezama tu. Nitawafuata hukohuko chini!" Akaongeza kwamba mbalamwezi ile ikiisha hajapata kitu, anarudi duarani. Mama alitoka nje akapasua kuni ambazo wala hatukuzihitaji.

Baba alichora wavu wake mchangani kwa kijiti: mfuko mrefu wenye mdomo mpana, mawe ya kuuzamisha, madumu matupu ya kuinua mdomo wa juu, na kamba mbili za kuvutwa na mitumbwi miwili. Tukashona mpaka vidole vyangu vikachubuka. Sasa mchimbaji ni mchimbaji, hakubali kupoteza hata punje. Baba alishona mfuko wote kwa macho madogo kabisa, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Masanja, jirani yetu mwenye mtumbwi wa pili, alishika kiuno akacheka. "Baba Kabula, hiki chandarua cha tembo?" Alikwenda hivyohivyo. Wakapiga makasia hadi wakahema, na wavu ukapanda na majani na konokono mmoja. Lo, mwalo ulivyocheka! Baba alirudi nyumbani akaanza kufunga begi lake, na mimi nikalia kwa sauti, sikuona haya.

Mama, ambaye tulipokuwa Nyarugusu alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu, akaketi juu ya lile begi. "Kule tukiosha, tunazuia kila kitu? Tope tunaliacha liende na maji, dhahabu tunaikamata kwenye zulia, basi. Wewe umeyaziba maji. Yanasukumwa mbele, na dagaa wako wanasukumwa nayo." Baba akabisha kwamba macho yakiwa makubwa dagaa watapenya. "Ng'ombe wakiuona uzio wa miba wanapenya kila uwazi? Wataogopa nyuzi, watakimbilia katikati." Tukafumua kazi yote. Macho makubwa mdomoni, yakipungua kidogo kidogo, na madogo mkiani tu. Mwezi ulikuwa umeshaanza kumegeka.

Asubuhi waliyoushusha, mama alisimama majini hadi magotini. Mara tukamsikia Masanja akipiga kelele kule mbali: "Vuta taratibu, tutazama! Mayu wee, tutazama!" Mkia ulipanda umevimba, unang'aa, dagaa wanamwagika hadi miguuni mwao. Mama alipiga vigelegele akavamia maji na khanga yake, na mwalo uliolala ukaamka wote na ndoo. Baba aliposhuka alikwenda moja kwa moja nyumbani kwenye begi, akarudi na nyundo yake ya kuchimbia, akampa mama mbele za watu. "Wabeja, Mama Kabula," akamshukuru. Mama akaifunga kwenye mdomo wa chini wa wavu, iwe uzito.

Leo mimi ndiye ninayeshona nyavu hapa Nkome. Kuna injini, kuna taa za sola, na vijana wanaonijia bado wanataka macho madogo kila mahali, nami nawagombeza kwa maneno ya mama. Nyundo ile imeliwa na kutu na bado inazama na kurudi. Baba ana mvi tupu, na kila jioni huwaambia wajukuu kwamba wazo lote lilikuwa lake. Mama humwacha. Alichotaka ni mume nyumbani, na mume yupo pale, anabisha.