Wimbo wa Mama Nilioubana

Nina kichwa kigumu, sikatai. Kwenye kibanda changu cha mtaa wa Murara ninapakia nyimbo kwenye simu za watu, na kila mteja anataka nyimbo nyingi kwenye kadi ndogo. Basi nilikuwa ninazibana: badala ya kilobiti mia tatu na ishirini kwa sekunde, ninaziachia thelathini na mbili. Kadi inameza, mteja anaondoka akicheka. Kwa spika za sokoni, nani atajua?

Ujinga wangu ni kwamba nilibana hata wimbo wa mama. Nilimrekodi mwenyewe kwa simu, akiimba peke yake kanisani, nikaubana pamoja na zingine, nikafuta ule wa kwanza. Alipokufa, papa, yaani baba yangu, akaomba amsikie siku ya kumaliza matanga. Nikamwekea. Akasikiliza kidogo, akaisukuma simu.

"Huyu si mama yako. Huyu ni mutu anaimba ndani ya bidoni tupu ya maji."

Iliniuma, maana alisema kweli. Kila "s" ilichachatika kama mafuta kwenye kikaango. Nikaapa papa atamsikia mke wake, hata nifunge kibanda mwezi mzima. Nikaanza kwa kosa la mafundi wote wa hapa: nikaurudisha kwenye mia tatu na ishirini. Faili ikanenepa mara kumi, sauti ileile! Nilikuwa nimepanua gunia tu, maharage yalishamwagika.

Ndipo nikakumbuka kwamba siku ileile ya kurekodi, kabla sijaubana, nilimrushia wimbo huo mwanamke mmoja wa kwaya, simu kwa simu. Nikaenda kwake.

"Eeh, leo ndio unanikumbuka?" akanicheka. "Ile simu ilishakufa, mutoto wangu. Iko ndani ya kabati."

"Hata kama imekufa, mama. Unipe tu."

Nilizunguka kwa mafundi siku tatu nikitafuta betri ya kuiingia. Mmoja aliniambia niitupe, nikamjibu vibaya. Siku ya tatu ikawaka.

Papa alisikiliza akiwa amefumba macho. "Ndiye," akasema. Kisha akainua mkono nirudishe nyuma. "Sikia hapa. Sikia vile anatafuta pumzi."

Nikasikia mkoromo mdogo kifuani, kati ya mstari na mstari. Kwenye ule wangu haukuwepo. Kubana kulikuwa kumeutupa.

"Alikuwa mugonjwa tayari," papa akasema. "Na sisi hatukujua."

Nililia bila aibu. Ule uliobanwa nilikuwa ninausikiliza kibandani kila asubuhi wakati mama bado alikuwa hai; nisingeubana, ningeusikia ule mkoromo mapema.