Kaske Moja kwa Kwaya Nzima

Kaske ni ile miwani mikubwa nyeusi inayofunika macho yote. Ukiivaa unajiona umekaa katikati ya ukumbi wa muziki wa nchi za mbali: ukigeuza kichwa huku kuna wapiga fidla, ukigeuza kule kuna wapiga tarumbeta wamevimba mashavu. Rafiki yetu wa Uvira alituazima moja kwa wiki moja. Niliipakata kwenye pikipiki hadi kwetu Baraka kama mtoto mchanga, na kwa mashimo ya barabara ile nadhani nilifika nikiwa mfupi kuliko nilivyoondoka.

Wazo lilikuwa letu sisi wawili tuliomaliza shule ya jioni pamoja: mimi, na mwenzangu anayetafsiri mahubiri kanisani, Kirundi kwenda Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Tulitaka Jumamosi moja ya muziki, bila malipo, kwa watoto wa kwaya. Ngoma zilikuwepo, gitaa la kuazima lilikuwepo, betri ya jua ya kuchajia ilikuwepo. Ilibaki ruhusa ya mama wa kwaya.

Mama huyo ni Mrundi, mkulima wa mihogo, na sauti yake ikiita watoto mazoezini hata samaki wa upande wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, hugeuka. Kwaya yake ina watoto wa kambi ya wakimbizi wa Burundi na watoto wa wenyeji wa Baraka, mchanganyiko. Tulimkuta kwenye ua wa kanisa akimenya mihogo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Hiyo kintu iko ngapi?"

"Moja, mama."

"Basi musikilize. Bazazi ba kambini na ba hapa bamenipa batoto juu ya kuimba pamoja. Mutoto mumoja akirudi nyumbani analia, ati mwenzake ameona, yeye hapana, batasema ninachagua. Ba huku bataimba peke yao, ba kule peke yao. Kwaya itakuwa imekwisha."

"Hakuna atakayelia, mama. Mimi ninajua kupanga."

"We? Hata vifungo vya shati yako havijapangwa."

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimeruka kimoja.

Tukakaa chini kupanga. Wadogo waanze? Wakubwa wangenuna hadi Krismasi. Kura? Kura ikiangukia watoto watatu wa kambini mfululizo, tungesikia maneno mpaka Fizi juu mlimani. Mwenzangu akashauri tuitazame sisi, halafu tuwaeleze. Nikamwambia hapo tutalia sisi, maana watatupiga.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge. "Lete. Nione mimi kwanza."

Akaivaa. Akainua mikono yote miwili, kama anavyofanya Jumapili mbele ya kwaya. Akaanza kusema Kirundi kwa mshangao. Na mwenzangu, kwa kuwa miaka yote amesimama pembeni ya mhubiri, mdomo ukamtoka wenyewe:

"Anasema, bamevaa nguo nyeusi bote kama bako kwenye matanga! Anasema, nawainulia mikono, hakuna anayenitazama! Anasema, adabu gani hii?"

Watoto waliokuwa wakisubiri mazoezi wakaja mbio. Wakacheka mpaka kuku wa jirani wakahama. Nami nikaona mpango wetu umesimama pale uani: anayevaa kaske aeleze, mwenzangu atafsiri, wengine wapige kwa ngoma na midomo kile wanachoambiwa. Kila mtoto angekuwa na kazi.

Tukajaribu hapo hapo. Mama akachagua binti mmoja wa kambini. Akavaa, akasema polepole kwa Kirundi.

"Anasema, kuna baba amekumbatia gitaa kubwa kama ng'ombe!" akapaza sauti mwenzangu, ambaye chumvi huitia kwa sepetu. "Na ng'ombe yenyewe inalia!"

Uwanja mzima ukaanza kulia kama ng'ombe. Mmoja akakumbatia mwenzake, akamkwaruza mgongoni kama nyuzi. Nami nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kumbe binti alikuwa ameacha kueleza. Machozi yalikuwa yanateremka chini ya kaske.

Nilihisi Jumamosi yetu inazama ziwani. Mtoto wa kwanza kabisa, tena wa kambini, tena mbele ya mama mwenyewe. Mwenzangu akaanza kutazama lango. Mama akaivua ile kaske taratibu, akampangusa binti uso kwa kitenge.

"Unalia nini, mutoto wangu?"

"Banacheka, mi sibaone," akasema. "Ninataka kuwa pale nabo."

Mama akatutazama, mimi na vifungo vyangu. Nikasubiri hukumu.

"Huyu analilia benzake," akasema. "Kilio ya namna hii naweza kuieleza kwa bazazi bote. Jumamosi mulete. Lakini mutu asikae ndani zaidi ya wimbo moja. Ikiisha, mumurudishe haraka."

"Na atakayekataa kutoka, mama?"

"Nani atakataa? Sikiliza."

Binti alikuwa amesharudi kwenye mstari, kati ya wasichana wawili wa Baraka, akilia kama ng'ombe kuliko wote. Kaske ilikuwa mkononi mwangu, na kwa dakika ile hakuna hata mmoja aliyeiomba.