Kiitikio cha Nyuma ya Ukuta

Fundi viatu huyu, mwenye vidole vilivyokolea rangi ya viatu, ndiye mwanzishaji wa nyimbo wa jukwaa la kusini uwanjani. Kila mechi hupanga foleni ya tiketi tangu alfajiri, na kila mechi dirisha humjibu, "Zimeisha, mzee." Hatua tatu pembeni, walanguzi wanaziuza kwa mara nne ya bei. Si mtu wa kununa. Huenda nyuma ya ukuta wa jukwaa lake, dakika ya kumi ikifika akaweka viganja mdomoni na kuimba. Jumapili aliimba mara tatu. Ndani, wageni wenye tiketi za bei mbaya hawakujua kuitikia. Aliyeitikia alikuwa mlanguzi mmoja getini, neno kwa neno, tiketi zimemjaa mkononi. Fundi akamtazama. "Kumbe na wewe ni mwenzetu," akasema, kisha akaanza ubeti wa pili.