Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Harufu ya sufu mpya iliyochanganyika na mafuta ya mashine hunirudisha darasa la tano, Kwaresima ile shule ilipotupeleka kutembelea kituo cha walemavu. Tulishuka kutoka mtaa wetu wa Kasha kwa miguu, wawili wawili, tope la mvua ya asubuhi likitung'ang'ania viatuni. Kila mwanafunzi alibeba alichopewa nyumbani: kipande cha sabuni, kikombe cha maharage. Mimi nilikuwa na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Njia nzima mwalimu wetu alitukanya tusikodoe macho wala tusicheke. Hakutuambia tufanye nini badala yake, kwa hiyo tuliingia getini tukitazama chini kama watu waliodondosha kitu.

Nilidhani nitawakuta watu wamelala, wanatusubiri. Nikakuta kelele za kazi. Mwanamume asiye na miguu alikuwa akimkaripia mwenzake kwa kuharibu ngozi ya kiatu, na katika chumba cha mwisho wanawake waliketi kwenye mashine za kufumia, wakisukuma kishikio huku na huku, krrr, krrr, sweta za shule zikiteremka taratibu magotini mwao. Zilikuwa za buluu, kama niliyovaa. Nikaanza kuionea haya chumvi yangu, maana sikuona nani hapo aliyeihitaji.

Sweta yangu haikununuliwa sokoni kama za wenzangu. Kila Septemba mama aliileta nyumbani akisema imetumwa na tantine Faida, mdogo wake aliyeolewa mbali, Walungu. Sikuwahi kumwona tantine huyo. Nilimjua kwa fundo dogo la uzi mwekundu alilofunga ndani ya kola, ambalo mama alisema ni salamu yangu, na kwa mikono ya sweta ambayo haikunitosha hata mwaka mmoja, kwa kuwa alinifumia kwa kukisia. Nilimpenda sana, labda kwa sababu hakuwahi kunikemea.

Mtawa aliyesimamia kituo alitupanga, kila mmoja mbele ya mtu mmoja, tusalimiane na kujitambulisha. Mbele yangu aliketi mwanamke mwembamba. Magongo yake yameegemezwa ukutani, na miguu yake, midogo kuliko yangu, imekunjwa chini ya kiti. Alipotabasamu niliona mwanya wa meno ya mbele, ule ule wa mama. Yeye aliitazama sweta kabla ya kunitazama mimi.

"Kuya hapa karibu," akasema.

Akavuta mkono wa sweta hadi ulipogoma, vidole viwili kabla ya kifundo cha mkono wangu. Kisha akaigeuza kola kwa kidole, akaliona lile fundo. Halafu akauliza swali ambalo kwetu kila mtu mzima humwuliza mtoto asiyemfahamu: "We uko mutoto wa nani?"

Nilishajua yeye ni nani. Ningejibu neno moja tu, jina la mama. Lakini kando yangu alisimama rafiki yangu Riziki, na nyuma yake wale wasichana waliokuwa wakichechemea kwa mzaha njia nzima kila mwalimu alipogeuka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechechemea nao.

"Niko mutoto wa Mama Riziki," nikasema.

Riziki akanigeukia, mdomo wazi. Mwanamke aliilaza kola yangu vizuri, akaipigapiga mara mbili.

"Sawa, maman. Umusalimie mama yako. Umuambie triko iko mufupi ku mikono."

Akairudia mashine yake, krrr, krrr, na hakunitazama tena.

Sikumwambia mama. Kumwambia kungekuwa kukiri nilichojibu. Nilimkasirikia kwa kunidanganya, nikamkasirikia tantine kwa kutokuwa Walungu, kisha usiku nikajikasirikia mimi, na kesho yake nikaanza upya na mama. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikashindwa kujua nani amemkosea nani. Kila mmoja wetu nilimwona ana kosa, na kila mmoja nilimwonea huruma.

Septemba ikaja, na sweta ikaja. Mikono ilifika barabara pale ilipotakiwa. Mama alinivalisha, akaushika mwisho wa mkono, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mwaka huu amepatia," akasema.

Nikasema ndiyo. Mtu hapatii hivyo kwa kukisia, naye alilijua hilo, lakini hakuuliza na mimi sikusema. Nilipobaki peke yangu niliigeuza kola. Hakukuwa na uzi mwekundu.

Miaka mingi baadaye, bibi mzaa baba alipokwisha kufariki, mama aliniambia kwamba alipoolewa aliogopa wakwe wangemwona mdogo wake wakasema kwao kuna ugonjwa wa kurithi. "Niliogopa tu," alisema, kama vile neno hilo linatosha. Wakati mwingine naona linatosha. Wakati mwingine namfikiria dada mtu akitoka kituoni na sweta mkononi, akitunga safari ya Walungu, na sielewi kabisa.

Siku hizi hakuna anayeficha. Tantine Faida bado anafuma kituoni, na kila Kwaresima wanafunzi bado wanaingia na sabuni zao wakitazama chini. Nampeleka binti yangu akapimwe kwa utepe, na ndani ya kola ya binti yangu kuna fundo jekundu. Mwezi uliopita niliagiza na ya kwangu, kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Alinipima mabega, akanipima mikono, akaimaliza kwa siku tatu. Niliigeuza kola nikiwa bado mlangoni.

"Tantine, na fundo yangu?"

"Yako utaomba kwa Mama Riziki," akasema, bila kuacha kusukuma mashine.

Nikacheka. Kisha nikaacha, kwa sababu yeye hakuwa akicheka.