Courant Haiko

Hapa Lubumbashi, mtu akitaka kukaa bure bila kuulizwa, ana neno moja tu la kusema: courant haiko. Umeme umekatika. Nani atambishia? Unakatika asubuhi, unarudi mchana kutusalimia, unakatika tena. Mwenye kinu cha mahindi anakaa juu ya gunia akichokoa meno, kinyozi analala kwenye kiti cha wateja, na hakuna anayewaita wavivu. Kaka yangu ni mchomeleaji wa vyuma, mtengeneza milango na madirisha, na kwa kazi ya namna hiyo bila courant chuma ni chuma baridi tu. Kwa hiyo alipoanza kukaa, hatukumwona.

Namwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, hata sasa ninapozificha mvi zangu chini ya kitambaa. Tunakaa njia moja huko Katuba, nyumba chache kati yake na mimi. Kazi yangu ni kushona: sare za shule, nguo za harusi, vitenge vya akina mama wanaonionyesha picha kwenye simu, kisha wakasirike kwamba sikuwashonea na kiuno cha yule wa kwenye picha. Nina ulimi mkali, sikatai. Yaya alikuwa akipita mbele ya mlango wangu kila asubuhi na kusema: "Madame Juge, leo umefunga nani?" Yaani mimi ndiye hakimu, nami namjibu kwamba zamu yake inakuja. Utani huo ulikoma, sijui siku gani, nami nikadhani ni uzee umeanza kumbana.

Kulikuwa na lango kubwa ambalo mteja wa mtaa wa Hewa Bora alikuwa ameliagiza. Nusu ya chini ilikuwa imekwisha, na maua ya chuma yaliyokunjwa vizuri, maana yaya ana mkono. Nusu ya juu ilikuwa nondo tupu. Lango likakaa limeegemea ukuta, mvua zikalinyeshea, likaanza kushika kutu. Mteja alikuja akaambiwa courant haiko. Akarudi, akaambiwa vilevile. Mara ya mwisho alisema maneno makali mbele ya watu wa njia nzima, na yaya, ambaye zamani angemjibu hadi ajute kuzaliwa, alimwangalia tu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mke wake alisema ni palu. Malaria, yaani. Kwetu kila kinachomlaza mwanamume chini ni palu. Ukikosa hamu ya kula, palu. Ukikesha macho wazi, palu. Ukiwafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka, palu imepanda kichwani. Wifi yangu alimpeleka kwenye kituo cha afya, wakapima damu, hawakuona kitu, wakampa dawa hata hivyo. Baadaye wakasema labda ni typhoïde, homa ya matumbo. Yaya alimeza kila alichopewa, bila neno, kama mtoto aliyeshikwa pua. Wifi alikuwa akisali na kulia. Siku nyingine uvumilivu ulimwisha, akamwita mvivu, kisha anakuja kwangu kulia tena kwa sababu amemwita mvivu.

Baba yetu naye alikufa kwa palu. Ndivyo tulivyosema. Alikuwa mtu wa reli, kama baba yake aliyekuja kutoka kaskazini kufuata kazi hiyohiyo, na kazi ilipokwisha alichukua kiti chake akakiweka uani, uso kwa ukuta. Mtu akimsalimu: "Niko tu." Mama alitukataza kupiga kelele nyuma yake. Aliishi hivyo muda mrefu, akikonda, hadi asubuhi moja hakuamka. Tulimzika kwa misa nzuri.

Lakini yaya alikuwa na jambo moja lililotuziba macho sisi sote. Alikuwa mtu wa vilio. Katika mji huu, mtu akifa, ndugu wanafunga turubai mbele ya nyumba, wanakodi viti, wanawake wanaketi ndani na mfiwa, wanaume wanakaa nje kuzunguka makaa. Hapo mwanamume anaweza kukaa kutwa ameinamisha kichwa. Yaya hakukosa. Akisikia kilio mtaa wa pili, anavaa koti lake jeusi na kwenda. Kisha akawa anaenda mbali, hadi Naviundu, upande mwingine kabisa wa mji. Watu walimsifu. Padri wetu alisema mbele yangu kwamba wanaume wenye huruma kama ile wamebaki wachache, na mimi, Madame Juge, nilivimba kichwa kwa fahari.

Kuna siku nilikuwa napiga pasi sare za watoto wa shule. Napiga pasi kwa courant ikiwepo, kwa makaa isipokuwepo, na siku ile ilikuwepo, nzuri, yenye nguvu. Nikakumbuka kulabu ya dirisha langu iliyovunjika. Nikazima pasi, nikaenda kwa yaya.

Alikuwa ameketi kwenye banda lake, mikono juu ya magoti. Poste, ile mashine yake ya kuchomelea, ilikuwa imefunikwa gunia.

"Yaya, ile kulabu ya dirisha yangu, utaitengeneza lini?"

"Courant haiko, mama."

Nilitaka kucheka. Juu ya kichwa chake, palepale, taa ilikuwa inawaka. Kinu cha mahindi cha jirani kilikuwa kinanguruma hadi ukuta unatetemeka. Hasira zikanipanda, maana sipendi kufanywa mjinga.

"Na hii taa, yaya, iko nawaka na nini?"

Akainua uso. Akaitazama ile taa kwa muda, macho yamekunjwa, kama mtu anayeonyeshwa ndege mtini na hamwoni.

"Kumbe," akasema. "Sikuiona."

Hakuwa ananidanganya. Mtu anayedanganya huwa na aibu kidogo, au hasira, au kicheko. Yaya hakuwa na kitu usoni. Nilirudi nyumbani nikasahau kulabu, nikakaa mbele ya pasi baridi, na niliogopa kweli.

Mchana nikarudi kumtazama, wifi akaniambia ameenda kilioni, huko Naviundu. Kwa nani? Hakujua. Nikamfuata. Turubai halikuwa gumu kulipata. Niliingia ndani kwanza kama desturi inavyotaka, nikawapa pole akina mama waliokaa kwenye mikeka, nikaambiwa marehemu alikuwa bibi mmoja aliyeuza makaa, mzee wa miaka mingi. Hakuwa ndugu yetu, hakuwa wa parokia yetu, wala hakuwa mteja wa mtu yeyote ninayemjua.

Kupitia mlangoni nilimwona yaya. Alikuwa kwenye kiti cha pembeni, nyuma ya wanaume wengine. Wenzake walikuwa wanaongea mambo ya mpira kwa sauti ya chini, kama wanavyofanya. Yeye alikuwa analia. Si machozi ya kupangusa na kumaliza. Mabega yake yote yalikuwa yanatikisika, na koti jeusi lilikuwa limemlegea, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokonda. Mzee mmoja akampigapiga mgongoni bila hata kumtazama, akaendelea na mpira wake.

Shuleni tulifundishwa methali: mficha maradhi, kilio humfichua. Nilidhani maana yake ni kilio cha mgonjwa mwenyewe, akishakufa. Yaya alikuwa anafichuliwa na vilio vya wengine, na tulikuwa tunampongeza.

Mwanamke haketi upande wa wanaume. Nilichukua kiti nikaenda kuketi upande wa wanaume. Waliniangalia vibaya, nami niliwaangalia vibaya zaidi, wakarudi kwenye mpira.

"Yaya," nikamwambia kwa sauti ya chini, "ulimujuaka huyu mama?"

"Hapana."

"Sasa unamulilia nini?"

Akatazama makaa.

"Hapa njo pahali mwanaume analilaka, na hakuna muntu anamuuliza."

"Miye nakuuliza."

Ndipo akasema, polepole, kama mtu anayetoa vitu mfukoni kimoja kimoja. Alisema courant ilikatika ndani yake. Anaamka asubuhi, anaiona mikono yake, anaiona poste, anajua kazi, lakini hakuna kinachowaka. Alisema usiku analala macho wazi na asubuhi anataka giza. Alisema chakula kina ladha ya karatasi. Kisha akasema neno ambalo hata leo, nikiwa peke yangu na cherehani, linanirudia:

"Nikibaona bale benye kulala mu sanduku, nabaonea wivu."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mgumu, wenye makovu ya moto, mkono wa mwanamume kabisa. Nililia pia, nami sikumjua yule bibi wa makaa.

Tuligombana siku kadhaa. Nilimwambia twende hospitali, si kupima palu, twende kwa daktari wa mambo ya moyo na kichwa. Akakataa. "Miye siko muwazimu," alisema. Watu watamwona kwenye mlango ule. Watoto wake wataitwa watoto wa nani? Nami sikuwa na maneno matamu. Niliona poste yake chini ya gunia, nikamuuliza:

"Hii poste ikiungua, unaipelekaka wapi?"

"Ku bobineur."

Bobineur ni fundi anayesuka upya nyaya za ndani ya mashine. Yaya anamheshimu wake kuliko askofu.

"Haya. Ikiungua, unaiambiaka jikaze, weye ni mwanaume?"

Pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo. Haikuwa kicheko bado. "Madame Juge," alisema, na nilijua nimeshinda, maana hakuwa ameniita hivyo tangu mvua zianze.

Tulikwenda watatu, yeye, mkewe na mimi. Wifi alivaa kitenge chake cha Jumapili ili mtu akituona adhani tunaenda ubatizoni. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, asiye na haraka. Alimuuliza kuhusu usingizi, chakula, kazi, hasira. Kisha akamuuliza waziwazi, bila kuzungusha, kama anafikiria kufa. Wifi akaziba mdomo. Mimi nilitaka kusimama nimkaripie yule daktari, maana nilidhani swali kama lile linampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Yaya akasema: "Ndiyo." Kisha akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. Kumbe kuulizwa kulimtua mzigo.

Daktari alitupa jina la ugonjwa kwa Kifaransa. Vitabu vya Kiswahili vinasema sonona. Sisi kwetu tulikuwa na neno mawazo tu. "Iko na mawazo mingi," tunasema, kisha tunamwachia mtu mawazo yake kana kwamba ni mali yake. Nilimkasirikia daktari kwa kutoahidi kitu. Alisema dawa zitachukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na lazima yaya arudi kuongea, na wifi asimwache peke yake siku mbaya. Yote hayo yalikuwa kweli. Siku mbaya zilikuwa nyingi. Kuna watu wa njia yetu walioacha kumsalimu, na mmoja aliyeniuliza nani amemloga. Nilimjibu vile ninavyojua kujibu, na nguo yake ya harusi akashonewe kwingine.

Lango la Hewa Bora, mteja mwenyewe hakulitaka tena. Yaya alilimaliza hata hivyo, polepole, katika baridi ya kiangazi, maana kwetu miezi isiyo na mvua ndiyo ya baridi, na sasa ndilo lango la nyumba yake. Kutu ya ile nusu ya chini inaonekana chini ya rangi. Hakuisugua yote.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama bandani kwake, namsubiri anichomelee mguu wa meza ya pasi. Cheche ziliruka, kisha ghafla zikakoma, na ukimya ukaingia. Niliinua macho kwenye taa haraka, kabla sijajizuia. Ilikuwa imezimika. Kinu cha jirani nacho kilikuwa kinakufa kwa mlio mrefu.

Yaya aliinua ile barakoa ya macho. Aliniona nilipokuwa natazama.

"Ya leo ni ya kweli, Madame Juge," alisema.

Tulicheka, na kicheko chetu kikaisha mapema. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nami juu ya meza isiyo na mguu mmoja, nikijishikilia kwa ukuta.

"Ile ingine ikikatika tena," akasema, "ntakuambia."

"Uniambie."

Akawa anatazama mikono yake. Kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Na baba? Kuko muntu alimuulizaka?"

Nilikiona kiti kile uani, na mgongo wa baba ndani ya shati lake la reli, na sisi watoto tukipita nyuma yake kwa kunyata, viatu mkononi, kwa sababu tulimpenda.

"Hapana, yaya," nikasema. "Tulimuachaka apumuzike."