Baridi ya Chumba cha Nkambo

Ilianza Jumamosi, siku ya posho, saa tisa na nusu ya mchana, shangazi alipotoka katika chumba alimolazwa nkambo akasema mule ndani hamna baridi tena.

Nkambo, mama yake baba, alikuwa amekufa katikati ya juma. Siku ile ya posho tulimtoa morgue, chumba cha maiti cha hospitali, tukamleta nyumbani, alale saa chache katika chumba chake, watu wamlilie, halafu jioni azikwe. Lakini mtoto wake wa kwanza, kaka mkubwa wa baba, ambaye sisi tunamuita papa mukubwa, alikuwa bado njiani. Anakaa Kisenge, mbali na kwetu. Gari alilopanda lilikufa kabla ya Mutshatsha, na simu yake ya mwisho ilisema atafika asubuhi. Kwetu maiti ikishaingia nyumbani hairudi morgue, ni kama kumfukuza mtu. Na nkambo mwenyewe, alipokuwa bado na sauti, alisema uso wake usifunikwe mpaka mtoto wake wa kwanza auone. Basi wazee wakakata neno: tutamngojea, kwa kuwa chumba kina klimatizeri, mashine ya baridi, na umeme haujakatika. Baridi ikikosekana, tunamzika leo leo, kabla makaburi hayajafungwa.

Ile klimatizeri aliiweka baba kwa mikono yake. Malori ya migodi yanapita karibu na lupango letu, kiwanja cha nyumba yetu, na vumbi lilikuwa limemuingia nkambo kifuani, kwa hiyo dirisha lake lilikaa limefungwa mwaka mzima. Baba ni fundi wa mashine hizo. Wakati wa likizo mimi humfuata kwenye nyumba za wakubwa, namshikia tochi na bisibisi. Naipenda kazi ile kwa sababu hakuna anayeniuliza kitu. Baba tu ndiye husema, shika hapa, iko namna gani? Nami namjibu.

Lakini katika kilio, mtoto mwanaume wa marehemu hashiki chombo cha kazi wala haamuru kitu mpaka mama yake awe ardhini. Baba alikuwa ameketi chini ya turubai, miguu mitupu, kati ya wanaume. Wakamuita fundi mwingine, mwenzake wa kazi. Alikuja mbio. Aliingia chumbani, akaweka mkono mbele ya mdomo wa mashine, akasikia upepo mdogo, akatoka haraka kwa heshima ya maiti na ya wamama walioketi pale. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akafunga manometa, kipimo cha nguvu ya gazi, kwenye mashine ya nje. Mshale ulikuwa chini. Akasema gazi ya baridi imekwisha, ataenda kutafuta chupa mjini, hajui kama siku ya posho atapata. Mzee mmoja wa ukoo akaangalia saa yake, akawaambia vijana waanze kutafuta gari la kubeba sanduku.

Mimi nilikuwa nabeba maji ya wageni. Nilipopita nyuma ya nyumba nilitua ndoo, nikashika mabomba. Yako mawili ya shaba, moja jembamba, jingine nene. Gazi ikipungua, lile jembamba ndilo linashika barafu, na nene linabaki vuguvugu, maana gazi kidogo inamaliza baridi yake kabla ya kurudi. Nilishika lile nene. Lilikuwa jeupe kwa barafu mpaka kwenye kompreseri, likaniunguza vidole. Kumbe gazi ilikuwamo. Baridi ilikuwamo. Ilichokosa ni hewa ya kuibeba. Hewa ya chumba isipopita, mashine ya ndani inajigandisha yenyewe, barafu inaziba hata ile njia ndogo iliyobaki, na mshale wa manometa unashuka vilevile kama gazi imekwisha.

Nikaingia chumbani kama mtu anayeleta maji. Vijana wa kanisa walikuwa wamekipamba: mashuka meupe toka darini mpaka chini, kuta zote nne, na utepe wa zambarau. Kwenye ukuta wa klimatizeri walipitisha shuka mbele yake, wakalikunja juu vizuri, wakalifunga kwa pini, wakaacha wazi mdomo wa chini tu, unakotokea upepo. Lilikuwa jambo la kupendeza. Hakuna aliyewaza kwamba mashine inavuta pumzi kwa juu. Shuka lilikuwa limenyonywa ndani, limenata.

Nikajua la kufanya na nikaogopa. Kutoa shuka hakutoshi. Inatakiwa kuzima baridi, kuacha feni peke yake izunguke mpaka barafu yote iyeyuke. Mwezi wa kumi, joto hili, na nkambo amelala pale.

Nilienda kuchuchumaa karibu na baba nikamwambia sikioni. Akaniinamia.

“Ile bomba ya munene, ulishika?”

“Njo, papa. Iko na barafu mpaka ku kompreseri.”

Akafunga macho. “Bazime baridi. Baache mupepo tu.”

Nilimuomba aseme yeye, watamsikiliza. Akatikisa kichwa.

“Mi niko mutoto wa maiti. Leo sina kinywa. Enda useme weye.”

Nilianza na fundi, maana ndiye rahisi. Akaenda kushika bomba, akapangusa mkono kwenye suruali, akasema alikimbilia kuamini mshale. Halafu akaniambia kuingia kwa wamama na kuwaambia wazime, hapana, hilo ni la mtoto wa nyumba.

Darasani mwalimu akiniita jina tu, ulimi wangu unakauka. Mle chumbani kulikuwa na wamama kama ishirini juu ya mikeka. Nilisema yote kwa mbio, shuka, barafu, kuzima. Shangazi akanyanyua uso.

“Kuzima? Unataka mama yangu aoze mbele ya batu?”

Mama mmoja kwenye pembe akasema, “Huyu mutoto hasalimiake hata batu mu njia. Leo njo ye anaamrisha.” Wakacheka kidogo, mkono mdomoni, kama watu wanavyocheka kwenye kilio.

Nilitaka kukimbia. Nikamuangalia shangazi peke yake.

“Shangazi, kama hatuzime, batamuzika leo, na papa mukubwa hatamuona.”

Akauliza itachukua muda gani. Nikasema saa moja. Sikujua. Akauliza, na baridi isiporudi? Nikanyoosha mkono. Akanipa telekomandi, kidude cha kuiwasha na kuizima.

Fundi alipanda kwenye kiti, akatoa pini, akashusha shuka lile. Pande la barafu likaanguka chini, mama mmoja akajikinga. Mimi nikashika beseni chini ya mashine. Wamama walimpepea nkambo kwa vitenge, kwa kalenda ya ukutani, kwa jalada la daftari. Mashine ilitoa upepo wa moto kama wa nje. Marashi waliyommwagia yakaanza kushindwa, na chini yake nikasikia harufu nyingine. Sitaiandika. Nilihesabu matone ili nisiifikirie. Mzee wa ukoo akaja mlangoni akauliza kama tufunge sanduku, na shangazi akaendelea kupepea.

Matone yalipokoma niliwasha. Nje kompreseri ikanguruma. Muda mrefu upepo ulikuwa uleule. Kisha shangazi akanyoosha mkono, akasogea, akaweka uso wake wote pale.

“Tungojee,” akamwambia mzee.

Hakuna aliyeniambia kitu zaidi, isipokuwa niondoe beseni. Lakini kabla ya giza niliangalia uso wa nkambo na niliona umebadilika. Midomo ilikuwa imeingia giza, na mashavu hayakuwa tena yake. Sijui kama ni saa ile yangu, au ungebadilika tu.

Papa mukubwa alifika asubuhi, Jumapili, siku ya yenga, watu wakitoka misa ya kwanza, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Wakampisha. Alisimama juu ya mama yake, akaangalia, akaangalia tena.

“Njo ye?” akauliza, kama kweli ndiye.

“Njo ye,” shangazi akasema.

“Simutambue.”

Alikuwa hajaja nyumbani tangu mimi nikiwa mdogo. Labda ni miaka ile. Alishika kitambaa, akamfunika uso kwa mkono wake, kama alivyotaka nkambo, na ndipo akalia. Sanduku likafungwa. Watu wakatoka nyuma yake kwa nyimbo, na sisi wasichana tukaachwa tuoshe sufuria.

Sikwenda kwenye sufuria. Niliingia chumbani. Klimatizeri ilikuwa inapuliza bado, vizuri kabisa, kwenye mikeka mitupu. Nilikaa chini mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha nikachukua telekomandi nikaizima, nikafungua dirisha, na vumbi la malori likaingia.