Pua ya Mtoto Mbele ya Mkwe

Karakanani wenzake walimbandika jina Yaya, maana alichomelea mageti huku nepi za bintiye zimeanikwa kwenye geti la mteja. Fundi hakununa. Alichukua brashi akaliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: YAYA, FUNDI MAGETI. Mwenye kucheka na acheke, meno ni yake.

Aliyemnyima raha ni mama mkwe. Mkewe fundi alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na sasa bibi alikuja kumchukua mjukuu wake wa mwaka na nusu. Wala hakuzunguka mbuyu.

"Mkwe, mwanamume hajui kulea. Asubuhi naondoka naye."

"Haondoki, mama," akajibu fundi, kwa adabu, ila bila kupepesa macho.

Usiku ule ule mafua ya mtoto yakapanda. Pua ikaziba, akawa anakohoa na kulia, kulala hawezi, chupa haitaki. Bibi akaja mbio na marhamu kali, kidole kimeshaelekea puani.

"Hapana, mama. Hiyo si ya watoto wadogo, itamchoma."

Fundi akatia matone ya maji ya chumvi aliyonunua duka la dawa. Kilichofuata alikijua, na kilimtia aibu: kipira cha kuvutia makamasi kilikuwa kimepasuka juzi, ukabaki mdomo wake tu. Mbele ya mkwe mtu huona haya hata kutafuna, seuze hili! Lakini mtoto alikuwa anahema kwa mdomo. Potelea mbali! Akaweka mdomo wake puani mwa mtoto, akavuta, akatema kitambaani. Tundu la pili, vivyo hivyo. Kisha akampa kijiko kidogo cha asali, kwa kuwa alishapita mwaka, akamwegemeza kifuani, kichwa juu. Kikohozi hakikuisha, ila kilipungua. Mtoto akasinzia, anakoroma kama mzee.

Bibi akaifunika marhamu yake. "Marehemu ndiye aliyekufundisha?"

"Hapana, mama. Yeye alikuwa akilala. Usiku ulikuwa wangu tangu mtoto azaliwe."

Machozi yakamlenga bibi. "Ndiyo maana kila alipokuja kunisalimia alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba usingizi."

Akajifuta, akarudisha ukali wake. "Basi, asubuhi nitaondoka peke yangu."

"Nitakusindikiza hadi stendi, mama. Na mtoto nitambeba mgongoni, mchana kweupe."